Kabla Hujamfuata Nabii: Mambo ya Kuzingatia

Mwaliko huja kirahisi. Jirani amekutumia video, dada wa kazini anakwambia "huyu baba anaona rohoni", bango limebandikwa kituo cha daladala, na mkutano ni Jumamosi. Kabla hujatoka, na hasa kabla hujatuma hiyo sadaka kwa simu, yapo mambo ya kuyaweka sawa ukiwa bado nyumbani. Ukishafika kwenye vifijo na spika kubwa, nafasi ya kupima inakuwa ndogo sana.

Anza kwa kuondoa woga wa kuhoji. Yohana aliagiza waziwazi: "msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho" (1 Yohana 4:1). Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, kisha wakawa wanayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na kwa hilo wanasifiwa (Matendo 17:11). Ikiwa Paulo alihakikiwa, huyu wa kwenye bango ni nani? Utatupiwa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu". Isome zaburi nzima kabla ya kwenda. Inamzungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache katika nchi za watu, na wanaoonywa wasiwadhuru ni wafalme. Muumini anayeuliza fedha za ujenzi zimeishia wapi hamo kabisa.

Kisha jipange kuhusu miujiza, maana hapa ndipo wengi hunasa. Kumbukumbu la Torati 13 inakubali kwamba nabii anaweza kutoa ishara na ishara ikatokea kweli, lakini kama anawavuta watu kwa miungu mingine, asisikilizwe. Yesu naye alisema manabii wa uongo watatoa ishara kubwa na maajabu (Mathayo 24:24), na kwamba siku ile wengi watajitetea kuwa walitoa pepo na kufanya unabii kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe (Mathayo 7:22-23). Kwa hiyo "lakini mtu alipona" si jibu la mwisho. Tena kama mlangoni umejazishwa fomu ya maombezi yenye jina, ugonjwa na shida ya ndoa, usitetemeke ukitajiwa hayohayo madhabahuni.

Akitoa unabii wenye tarehe, uandike siku hiyohiyo, neno kwa neno. Kipimo cha Kumbukumbu la Torati 18:22 ni kikavu: neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Ugumu ni kwamba watu husahau, au hupewa tarehe mpya. Soma Yeremia 28. Hanania alisimama hekaluni mwezi wa tano akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi kutoka Babeli. Habari tamu, na kila aliyekuwapo alitamani iwe kweli. Hata Yeremia alijibu "Amina". Ila aliongeza kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake likitokea. Hanania akaivua nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kutawaliwa na Babeli, akaivunja mbele ya watu. Baadaye Yeremia alirudi na neno zito: Bwana hakukutuma, nawe unawatumainisha watu hawa maneno ya uongo. Mwezi wa saba Hanania alikuwa marehemu. Mimi huona sura hii inatufaa kuliko ile picha ya mbwa-mwitu waliovaa mavazi ya kondoo (Mathayo 7:15), kwa kuwa Hanania hakuhubiri mungu mwingine. Alitumia jina lilelile la Bwana, na alisema kile ambacho watu walikuwa na kiu nacho.

Kanungu, Uganda, waumini waliouza mali zao waliambiwa dunia ingekwisha mwisho wa mwaka 1999. Mwaka ukageuka, wengine wakaanza kudai vyao, ikatajwa tarehe nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea kanisani.

Pesa nayo ipangie kabla. Mtumishi kula kwa kazi yake si dhambi, 1 Wakorintho 9 inaruhusu. Kinachopimwa ni maombi yenye bei: mafuta kiasi hiki, kumwona nabii ana kwa ana kiasi kile, "panda mbegu ya mwisho ya mshahara wako". Mika 3:11 inawataja manabii wanaobashiri ili wapate fedha, na Elisha alikataa katakata zawadi za Naamani, jemadari aliyeponywa ukoma. Gehazi, mtumishi wa Elisha, ndiye aliyemkimbilia Naamani nyuma, akitunga kwamba vijana wawili wa wana wa manabii wamefika na wanahitaji talanta ya fedha na mavazi (2 Wafalme 5). Leo angesema wageni wa huduma wamekwama nauli. Amua kiasi utakachotoa ukiwa nyumbani, kadi ya benki iache. Lakini usidhani rahisi ndiyo salama: kikombe cha Loliondo, ile dawa ya mitishamba ya mchungaji Mwasapile, mwaka 2011 kilikuwa shilingi 500 tu, na watu walisafiri wakiwa mahututi kukifuata.

Halafu matunda, ambayo hayaonekani kwa mkutano mmoja. Uliza wanaoishi naye karibu. Uliza waliotoka, maana waliobaki wote watakusifia. Angalia anachokukataza. Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, mambo hayakuanzia kwenye kufunga hadi kufa. Yalitangulia mahubiri dhidi ya shule na hospitali, watu wakahamia msituni mbali na ndugu zao. Nabii akianza kukupunguzia daktari, mwalimu na mama yako, usisubiri aifikie sahani.

Kama bado umeamua kwenda, nenda umejiandaa. Dawa za presha, za kisukari au ARV zikae mkobani na uzimeze kwa saa yake, hata ukiambiwa umepokea uponyaji. Hospitali itapima hilo. Watoto wadogo waache nyumbani ikiwezekana, na kaa karibu na njia ya kutokea: Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Mwachie mtu wa nyumbani jina la mahali na saa ya kurudi. Ukiambiwa usimweleze mumeo au mkeo ulichoagizwa huko, mweleze usiku huohuo.