Jinsi ya Kulinganisha Vinanda vya Umeme vya Bei Nafuu Kabla ya Kununua

Boksi la kinanda cha bei nafuu karibu kila mara hutangaza idadi: sauti 400, midundo 200, nyimbo 100 za kujifunzia. Muuzaji naye huanzia hapo hapo, kwa sababu ni rahisi kuonyesha kwamba 600 ni zaidi ya 400. Mimi hufundisha kinanda wanakwaya na watu wanaojifunza nyumbani kwa ajili ya kujiburudisha, na sijamwona mwanafunzi aliyekwama kwa kukosa sauti ya filimbi ya aina ya tano. Nimewaona waliokwama kwa sababu vibonye vilikuwa vyembamba kuliko vidole vyao, au kwa sababu kinanda kilitoa mlio uleule wakigusa kwa upole au kwa nguvu. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe ninapomsindikiza mwanafunzi dukani, na unahusu vinanda vyepesi vyenye spika zake ndani, vile ambavyo mtu mmoja anaweza kuvibeba kwapani.

Hatua ya 1: Amua kitachezwa na nani, na wapi

Mtoto wa miaka sita, mtu mzima anayetaka kucheza jioni baada ya kazi, na mpiga kinanda wa kanisa dogo wana mahitaji tofauti, hata kama bajeti zao zinalingana. Andika kwenye karatasi majibu ya maswali matatu: je, kinanda kitakaa mahali pamoja au kitasafiri kwa bodaboda na daladala, je, kitatumika mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, na je, mchezaji anakusudia siku moja kuhamia kwenye piano, au anataka tu kusindikiza nyimbo? Majibu hayo yatakurudia katika kila hatua inayofuata, kwa hiyo usiyaache nyumbani.

Hatua ya 2: Pima vibonye kwa rula

Piano kamili ina vibonye 88, vyeupe na vyeusi. Vinanda vya bei nafuu huwa na 32, 37, 44, 49, 54 au 61, na vichache hufika 76. Kwa anayeanza kwa dhati, pendekezo langu ni 61, yaani oktavu tano (oktavu moja ni umbali kutoka do moja hadi do inayofuata). Sababu yake ni ya kimuziki kabisa: kinanda cha kawaida cha vibonye 61 huanzia oktavu mbili chini ya do ya katikati na kuishia oktavu tatu juu yake, na eneo hilo linatosha kucheza wimbo wa kwaya wenye sauti nne, kuanzia besi hadi soprano, bila kulazimika kuhamisha noti yoyote. Kinanda cha vibonye 49 kitatosha kwa shida kidogo. Vile vya 32 na 44, kama Casio SA-46 na SA-76, vimetengenezwa kwa ajili ya watoto na safari. Ni vizuri kwa kazi hiyo, lakini mikono miwili ya mtu mzima haitapata nafasi.

Idadi peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Katika masoko yetu kuna vinanda visivyo na jina vilivyoandikwa 61 ambavyo vibonye vyake ni vyembamba kuliko vya piano. Chukua rula, pima kutoka ukingo wa kushoto wa do moja hadi ukingo wa kushoto wa do inayofuata, yaani upana wa vibonye vyeupe saba. Kwenye piano na kwenye vinanda vya ukubwa kamili utapata takribani sentimita 16.5. Ukipata 14 au chini ya hapo, mkono utazoea umbali usio sahihi, na siku mwanafunzi atakapokaa mbele ya piano atakuwa akikosa noti alizokuwa akizijua.

Hatua ya 3: Jaribu mguso

Kama fedha zako zinaruhusu kulipia jambo moja tu la ziada, lilipie hili. Kinanda chenye mguso hupima kasi ya kidole kinaposhuka: ukibonyeza polepole sauti inatoka ndogo, ukibonyeza kwa nguvu inatoka kubwa. Kisicho na mguso hutoa sauti ya ukubwa mmoja kila wakati, kwa hiyo mchezaji hawezi kuufanya mkono wa kulia uimbe juu ya mkono wa kushoto, wala hawezi kumalizia mstari wa wimbo kwa upole. Mbaya zaidi, vidole havipati sababu ya kujifunza tofauti hiyo, na tabia iliyojengwa katika mwaka wa kwanza ni ngumu kuivunja.

Jaribio lenyewe ni fupi. Chagua sauti ya piano, zima midundo, kisha bonyeza kibonye kimoja mara kadhaa ukiongeza nguvu taratibu. Usitumie sauti ya ogani kwa jaribio hili, kwa sababu ogani halisi haibadiliki kwa nguvu ya kidole na vinanda vingi huiga tabia hiyo. Usiposikia mabadiliko, muulize muuzaji kama mguso umezimwa kwenye mipangilio kabla hujahukumu.

Mfano unaoeleza jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote ni Casio CT-S200 na CT-S300, zilizotoka mwaka 2019. Ukiziweka bega kwa bega utaona ni ndugu: vibonye 61 vya ukubwa kamili, sauti 400, midundo 77, uzito wa takribani kilo 3.3, na mpini wa kubebea. Tofauti kubwa ni kwamba CT-S300 ina mguso na gurudumu la kupindisha sauti, ilhali CT-S200 haina. Anayelinganisha kwa kusoma boksi ataona vitu viwili vinavyofanana na kuchukua cha bei ya chini. Upande wa Yamaha hali ni hiyo hiyo: PSR-F51 na PSR-E273 hazina mguso, lakini PSR-E373 inao, na mpangilio huo umeendelea katika warithi wao, PSR-E283 na PSR-E383. Kwa mwanafunzi wangu yeyote mwenye umri wa kutosha kukaa kitini kwa nusu saa, ningependelea CT-S300 au PSR-E373 iliyotumika kuliko PSR-E273 mpya kabisa.

Anayesindikiza kwaya kwa sauti za ogani na nyuzi peke yake atapoteza kidogo akikosa mguso. Ndiyo maana hatua ya kwanza ilikuja kwanza.

Hatua ya 4: Hesabu noti zinazoweza kulia kwa pamoja

Kila kinanda kina kikomo cha noti zinazoweza kulia kwa wakati mmoja. Vya chini kabisa katika daraja hili huwa na 32, vya kati 48, na vya juu kidogo 64. Vidole vyako ni kumi tu, lakini midundo ikichezwa, ngoma, besi na gitaa navyo hutumia nafasi zake, na baadhi ya sauti hutumia nafasi mbili kwa kila noti. Ukikanyaga pedali ya kurefusha sauti na kupandisha arpejio, yaani noti za kodi zikichezwa moja baada ya nyingine, noti za mwanzo zitaanza kutoweka. Kwa anayeanza, 32 haitamzuia mwaka wa kwanza. 48 itamfikisha mbali.

Kwa vinanda visivyo na jina, fanya jaribio jingine lililo muhimu zaidi: bonyeza do, mi na so kwa mkono wa kushoto, kisha do, mi, so na do kwa mkono wa kulia, vyote kwa pamoja. Vyote saba vinapaswa kulia. Vinanda vya kuchezea watoto mara nyingi humeza noti moja au mbili, na hakuna mazoezi yanayoweza kuponya hilo.

Hatua ya 5: Soma maandishi ya adapta

Nimeona vinanda vizuri vikiuzwa kama vyuma chakavu kwa sababu ya hatua hii kurukwa, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Adapta ina namba mbili. Ya kwanza ni umeme inaoupokea kutoka ukutani. Tanzania hutumia volti 230, Kenya na Uganda 240, Japani 100, na Marekani 120. Vinanda vingi vilivyotumika huingia kwetu kutoka nchi hizo mbili za mwisho, na adapta zake za zamani, zile nzito zenye koili ya shaba ndani, zimetengenezwa kwa volti za kwao tu. Ukiichomeka adapta ya volti 100 kwenye soketi ya Dar es Salaam au Mombasa, itaungua ndani ya muda mfupi na inaweza kukiharibu kinanda. Tafuta maandishi yanayosema 100-240V. Hiyo itafanya kazi popote. Kama yanasema 100V au 120V peke yake, nunua adapta nyingine na uihesabu ndani ya bei ya kinanda.

Namba ya pili ni umeme unaotoka kwenda kwenye kinanda. Vinanda vya Yamaha vya PSR-E hutumia volti 12, na vya Casio vya CT-S hutumia volti 9.5, kwa hiyo adapta ya jirani haiwezi kuazimwa kwa kuwa tu ncha yake inaingia. Karibu na tundu la umeme kuna mchoro mdogo wenye alama za kujumlisha na kutoa, unaoonyesha upi uko katikati. Mchoro wa adapta lazima ufanane nao. Kiasi cha ampea cha adapta kiwe sawa na kinachotakiwa au kizidi. Kikipungua, kinanda kitazima ukiongeza sauti.

Sasa fungua kifuniko cha betri. Vinanda nilivyovitaja vya vibonye 61 hutumia betri sita ndogo za AA, na hilo ni jambo la kulithamini mahali ambapo umeme hukatika katikati ya ibada au ya somo. Betri za alkali hudumu kuliko zile za bei ya chini kabisa, na za kuchaji hulipa gharama yake kwa anayecheza kila siku. Usichanganye mpya na zilizotumika, na uzitoe kama kinanda kitakaa wiki kadhaa bila kuguswa.

Hatua ya 6: Angalia matundu ya nyuma

Kwa anayejifunza nyumbani, tundu la hedifoni ni la lazima, hasa katika nyumba za kupanga ambako kuta ni nyembamba. Tundu la pedali linafuata, kwa sababu piano bila pedali ni nusu ya ala. Tundu la USB la kuunganisha na kompyuta lina faida kwa anayetaka kurekodi. CT-S200, CT-S300 na PSR-E373 zinalo, PSR-E273 haina. Kwa kuunganisha na amplifaya ya kanisa, vinanda hivi hutumia tundu lile lile la hedifoni. Punguza sauti ya kinanda kabla ya kuchomeka, kisha uipandishe taratibu, nawe utaepuka mkwaruzo ambao spika hulaumiwa bure kwa ajili yake.

Kwa wapenzi wa taarabu wa pwani, kuna swali la ziada. Kinanda cha kawaida hugawa oktavu katika nusu-toni 12 zilizo sawa, ilhali baadhi ya maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, huhitaji noti zinazoangukia katikati ya hizo. Muulize muuzaji kama kinanda kinaruhusu kushusha mi na si kwa robo-toni. Vingi vya bei hii haviruhusu.

Hatua ya 7: Kagua kilichotumika, kibonye kwa kibonye

Iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, utaratibu ni mmoja: usilipe kabla hujagusa kila kibonye. Anza kushoto kabisa, panda hadi kulia, ukitumia nguvu ileile. Chini ya kila kibonye chenye mguso kuna mpira wenye vigusio viwili vya kaboni, na kinanda hupima muda kati ya kimoja na kingine. Vumbi au unyevu ukiingia hapo, kibonye hunyamaza au hupiga kelele kuliko wenzake. Fundi anaweza kuvisafisha kwa spiriti, kwa hiyo vibonye viwili vitatu vya namna hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei. Vikiwa vingi, hasa kwenye kinanda kilichokaa karibu na bahari, achana nacho.

Kisha tikisa kidogo ncha ya adapta uone kama kinanda kinazima, zungusha kidhibiti cha sauti usikilize kama kinakwaruza, na utazame chemba ya betri kama ina ukungu mweupe au wa kijani kutokana na betri zilizovuja.

Hatua ya 8: Linganisha bei kamili

Bei ya kinanda chenyewe si gharama yote. Ongeza stendi, pedali, adapta kama haimo kwenye boksi, na begi kama kitasafiri. Baada ya hesabu hiyo, weka kando vyote vilivyoshindwa katika hatua ya 2. Kati ya vilivyobaki, mtoto mdogo anayejaribu kwa mara ya kwanza anaweza kupewa kisicho na mguso, ilimradi vibonye vyake ni vya ukubwa kamili. Mtu mzima na mwanafunzi wa piano wachukue chenye mguso, hata kama kina sauti chache. Mpiga kinanda wa kwaya aangalie pia kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo wa wimbo, ambacho humsaidia pale waimbaji wanapoanza juu kuliko walivyozoea, na atazame kama anaweza kukifikia kwa mkono mmoja wimbo ukiendelea. Idadi ya sauti na midundo iwe ya mwisho kutazamwa, pale tu vinanda viwili vinapolingana katika mengine yote.