Laptop mbili za gemu, bei karibu moja: vile tulichagua hapa Kisumu

Wiki jana binamu yangu anayesoma Maseno alinipigia, ati kaka nisaidie, nimebaki na mbili na siwezi kuamua, HP Victus 15 na Lenovo LOQ 15, zote ziko na RTX 4050 (hiyo ni GPU, chipu ya kuchora picha za gemu), zote skrini ya 144Hz, zote RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16, LOQ imezidi kwa elfu kumi na mbili tu na mama amesema pesa inatoka mara moja, tukikosea tumekosea. Basi Jumamosi tukaenda kuziona kwa macho, na nataka niandike vile tulifanya, kwa sababu kile kikaratasi wanabandika mbele ya laptop dukani hakingetusaidia hata kidogo, ukikisoma hizo mbili ni mapacha, na si mapacha.

Nianze na joto, kwa sababu wale wa YouTube hawakai huku. Laptop yangu ya kwanza ya gemu nilinunua nikiishi Nakuru, Section 58, na kule ilikuwa fiti kabisa, jioni nacheza masaa matatu nikiwa nimevaa sweta. Nikapata kazi Kisumu, nikahamia nyumba ya mabati isiyo na siling'i, mashine ni ile ile, gemu ni ile ile, lakini dakika ishirini tu fremu, yaani picha kwa sekunde, zinashuka kutoka 70 mpaka 40 na feni inalia kama kinu cha posho. Nilidhani ni virusi, nikapiga Windows upya mara mbili, kumbe ni hewa. Nakuru iko juu karibu mita 1,850, sisi huku ziwani tuko kama mita 1,130, mchana tunagonga digrii 29, 30, na laptop haina friji ndani, inavuta hewa ya chumba hicho hicho ndio ipoze vyuma vyake. Chumba kikiongeza digrii nane, chipu nayo inaongeza karibu nane. Sasa prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel za H, zile za laptop zenye nguvu, zikifika 100 zinapunguza mwendo zenyewe zisiungue, na GPU za RTX 40 za laptop zinaanza kujishika zikikaribia 87. Kwa hivyo ukisikia mtu wa Uingereza anasema prosesa ya mashine fulani inacheza kwa digrii 92 na haina shida, jua yeye amepima na baridi ya kwao, huku hiyo nafasi ya digrii nane imeshaliwa na jua.

Ndio maana mimi sianzi na jina la GPU, naanza na wati. RTX 4050 ya laptop si kitu kimoja, NVIDIA wenye hiyo chipu wanawaachia watengenezaji wa laptop waamue wataipa umeme kiasi gani, kuanzia wati 35 mpaka 115, na stika ya nje inabaki ile ile. Hiyo Victus tuliyoshika ilikuwa ya wati 75, LOQ ilikuwa imepita 90. Kujua ni rahisi, fungua NVIDIA Control Panel, bonyeza System Information pale chini kushoto, tafuta mstari umeandikwa Maximum Graphics Power, usome na macho yako, usiulize mtu wa kaunta maana wengi hata hawajui hicho kitu kipo. Halafu usije ukadhani 115 inaiacha 95 mbali, hapana, hii 4050 ikifika karibu 100 haina tena pahali pa kupeleka umeme zaidi. Pengo unaloweza kulisikia kwenye gemu ni kati ya ile ya wati 50 na ya wati 90. Kati ya 75 na 95 utaona fremu kadhaa zimeongezeka, ni kitu, lakini si kitu cha kukukosesha usingizi.

Cha kukukosesha usingizi ni kama itazishikilia hizo wati baada ya nusu saa. Na hiyo hakuna karatasi itakuambia, lazima uwashe.

Tulibeba flashi yenye programu mbili za bure, HWiNFO ya kusoma joto na wati, na Unigine Heaven ya kuitesa GPU, hiyo ya pili ni ndogo na haihitaji intaneti ya duka. Jamaa wa kaunta alituangalia akasema, "Vijana, hapa si cyber." Nikamwambia, "Boss, pesa iko na leo hatutoki bila laptop, tupe tu nusu saa tuziwashe zote mbili." Akacheka, akatupea meza karibu na mlango, na nilifurahi sana kwa sababu karibu na mlango ndio joto lenyewe, ndani kwao kuna AC na laptop yoyote itapita mtihani kwa AC. Hii ukumbuke: usipime chini ya AC kama nyumbani huna AC.

Chomeka chaja kwanza, bila chaja hupimi kitu. Weka ile hali ya mwendo wa juu, kwa LOQ ni Fn na Q mpaka taa ya kitufe cha kuwasha iwe nyekundu, kwa Victus unaingia OMEN Gaming Hub unaichagua huko. Washa Heaven, ngoja. Dakika tano za kwanza hazina maana, kila laptop ni nzuri dakika tano za kwanza. Andika fremu za dakika ya tano, andika za dakika ya ishirini na tano, linganisha. Zikishuka moja mbili hiyo ni kawaida, zikishuka robo nzima rudisha hiyo mashine kwa boksi uende zako. Zetu zote mbili zilisimama vizuri, LOQ ikiwa mbele kwa fremu kama tulivyotarajia lakini feni zake zina sauti, Victus ikiwa tulivu zaidi kidogo. Wakati inaendelea weka kiganja juu ya kibodi pale W, A, S na D. Nasema kiganja kwa sababu HWiNFO haipimi vidole vyako, na kuna laptop zinasoma vizuri ndani lakini pale unapoweka mkono wa kushoto ni kama sufuria ya chai.

Tukafika kwa RAM na hapo ndio nusura tukosee. Zote zimeandikwa 16, sawa, lakini ni 16 ya namna gani? Fungua Task Manager, Performance, Memory, uangalie Slots used. Victus ilisema 2 of 2, LOQ ikasema 1 of 2, yaani kijiti kimoja cha 16. Kijiti kimoja ni kama ile barabara ya leni moja, gari zote zipo lakini zinapita moja moja, prosesa inangojea data na wewe unaona gemu inashtuka shtuka kila ukigeuka haraka, hata kama wastani wa fremu ni mzuri. Hii watu wengi wanaishi nayo miaka wakilaumu GPU. Tukamwambia boss atuwekee vijiti viwili vya 8 badala ya hicho kimoja, akabadilisha pale pale na tukahakikisha ameandika kwa risiti kwamba ni yeye amefungua, ili waranti isije ikaleta maneno. Ukiamua kununua kijiti cha pili mwenyewe baadaye, hakikisha kama yako ni DDR4 au DDR5, hazibadilishani, hata tundu lenyewe haliingiliani.

Skrini sasa. Hiyo 144Hz inakuambia picha inabadilika mara ngapi kwa sekunde, haikuambii kitu chochote kuhusu rangi. Kuna skrini za 45% NTSC, zenye rangi zilizofifia, na kuna za 100% sRGB, zenye rangi kamili, na modeli moja inaweza kuuzwa na yoyote kati ya hizo. Tuliweka mbili kando kwa kando tukafungua picha moja ya jua likizama pale Dunga, kwa LOQ jua lilikuwa jekundu la ukweli, kwa Victus lilikuwa kama Fanta imewekwa maji. Kwa mtu wa kucheza gemu ya mpira ya FC peke yake inavumilika, lakini binamu yangu anatengeneza posta za makanisa na harusi ndio apate ya matumizi, na posta ikitoka printa na rangi ingine mteja halipi. Angalia na mwanga pia, skrini ya niti 250 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini) ukikaa karibu na dirisha mchana unajiona sura yako tu.

Prosesa sitakaa sana, kwa GPU ya kiwango hiki nyingi zinatosha. Ila kama ni Ryzen, zile prosesa za AMD, za mfululizo wa 7000 soma tarakimu ya tatu: 7535HS ni 3 hapo kwa hivyo ni kizazi cha zamani, Zen 3, kilichopewa jina jipya, 7840HS ni 4, hiyo ni Zen 4 ya ukweli. Ukikuta bei ni sawa unajua uchukue gani. Na mtu akikushawishi ushuke mpaka RTX 3050 ya 4GB ati uokoe elfu kumi, kataa, gemu za sasa hizo 4GB zinajaa haraka na hapo hakuna kijiti cha kuongeza, 6GB za 4050 zenyewe ndio za kubana bana.

Diski (SSD): 512GB ukishaweka Windows na GTA V, ambayo peke yake inapita 100GB, na gemu ingine moja kubwa, umeanza kufuta futa. LOQ 15 iko na nafasi mbili za SSD ndani, Victus 15 iko na moja, maana yake siku ya kuongeza unatoa ya zamani. Mimi nilihesabu hicho kitu ndani ya zile elfu kumi na mbili.

Halafu stima, na hii kwetu si kitu kidogo. Ikipotea katikati ya mechi laptop haizimi, lakini betri haiwezi kutoa umeme kama chaja, kwa hivyo GPU inashuka mara moja na utaona gemu imekuwa nzito, si kuharibika, ni hivyo. Hatari iko stima ikirudi, ile ya kurudi kwa nguvu, kwa hivyo usichomeke moja kwa moja kwa ukuta, pata ekstenshen yenye kinga au ile gadi ya kungojesha dakika tatu ambayo mama anawekea friji. Na uliza kama inachajiwa kwa USB-C pia, maana chaja kubwa za hizi mashine ni kama tofali na kubebana nayo kwa matatu ya Maseno kila siku inachosha, ile ndogo ya USB-C inatosha ukienda kuandika tu darasani. LOQ tuliyoshika ilikubali, Victus haikukubali.

Ukiwa unaangalia iliyotumika, zile za Ex-UK, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili, ndani kuna Design Capacity na Full Charge Capacity, ya pili ikiwa chini ya asilimia 70 ya ile ya kwanza punguza bei au achana nayo. Na mtihani wa nusu saa ni lazima zaidi hapo, kwa sababu vumbi la miaka miwili liko ndani.

Tulichukua LOQ. Ingekuwa ni mtu asiyeguza kazi ya rangi, anayecheza usiku mkiwa wawili chumbani na mwenzake analala, ningemwambia achukue Victus na hizo elfu kumi na mbili zinunue SSD na mausi nzuri, na singekuwa nimemdanganya.

Nyumbani kwao Kondele tulifanya mambo matatu kabla hata hajaweka gemu. Tulifunga chaji isipite 80% kwenye Lenovo Vantage, kwa sababu itakaa kwa chaja muda mwingi. Tukafunga fremu kwa 90, maana hakuna haja GPU itoe jasho kutafuta 130 kwa gemu ya kuendesha magari. Na tukainua upande wa nyuma kwa vifuniko vinne vya soda, viwili viwili vimebebana, kwa sababu hewa inaingilia chini na meza yao ina kitambaa cha kufuma ambacho mama yake hataki kitolewe. Kitambaa kimekunjwa nusu sasa, laptop iko upande wa mbao. Jana saa tisa mchana alinitumia picha ya HWiNFO, dirisha wazi, saa moja ameshacheza, GPU digrii 79, wati 92.