Mguu kwanza, mafuta baadaye: kujifunza wili kwenye pikipiki yenye kompyuta

Nilipinduka siku ile ile niliyozima kompyuta. Kwa wiki tano nilikuwa nikipiga wili, yaani kuinua tairi la mbele mwendoni, vizuri tu, nusu mita, siku nyingine zaidi kidogo, kisha nashuka taratibu. Nikajiona nimeiva. Nikazima kila kinachozimika, nikavuta mafuta kama nilivyozoea, pikipiki ikapanda, ikapita pale ilipokuwa ikikomea siku zote, ikaendelea kupanda. Kilichofuata ni mkwaruzo wa mkia wa plastiki kwenye sementi, nami nimekaa chini naitazama ikiteleza bila mtu. Kifundo cha mkono kiliuma miezi miwili.

Baadaye ndipo nilielewa kwamba wili zile za wiki tano sikuwa nazipiga mimi. Pikipiki za mbio za siku hizi hazina waya unaotoka mkononi mwako hadi kwenye injini. Mkono unatoa ombi, na kompyuta inaamua itoe kiasi gani. Tangu Yamaha YZF-R1 ya mwaka 2015, pikipiki nyingi za aina hii zina kisanduku kidogo chenye sensa za mihimili sita. Kinapima pikipiki inavyoinama mbele na nyuma, inavyolala kushoto na kulia, inavyogeuka, na inavyosukumwa pande tatu. Kwenye R1 ile hesabu hiyo hufanywa mara 125 kwa sekunde. Tairi la mbele likianza kunyanyuka kuliko ulivyoruhusu, kompyuta inapunguza nguvu ya injini, hata kama mkono wako umevuta mafuta hadi mwisho. Ndicho kilichonipata. Mkono ulikuwa unaomba kupita kiasi, kompyuta inakataa kwa niaba yangu, na mimi nadhani nina kipimo kizuri.

Kwa hiyo kabla ya kuinua chochote, ijue pikipiki yako inasaidiwa na nini. Soma kitabu chake, maana majina yanatofautiana: Yamaha wanauita LIF, Ducati DWC, Aprilia AWC. Huo ndio msaada wa kuzuia tairi la mbele lisipande. Msaada wa kuzuia tairi la nyuma lisiteleze ni kitu kingine, na watu huuchanganya na huo wa kwanza. Kwenye pikipiki za zamani kidogo zisizo na kile kisanduku, msaada wa kuteleza unalinganisha tu kasi ya tairi mbili. Ukiwa juu, tairi la mbele linapunguza mzunguko huku la nyuma likiongeza, na kompyuta inaamini unateleza. Inakata nguvu ghafla, mbele inaanguka kama ndoo iliyokatika kamba.

Jambo la pili: pikipiki nyingi zikizimwa na ufunguo, misaada uliyoizima inarudi yenyewe. Mimi nilisimama kunywa maji, nikawasha tena, nikasahau. Msaada wa kuteleza ulikata nikiwa juu, tairi likatua usukani ukiwa umepinda kidogo, nao ukaanza kutetemeka kulia na kushoto. Bahati ile pikipiki ilikuwa na shokapu ya usukani. Tangu hapo kila nikigusa ufunguo nasoma dashibodi kabla ya kuweka gia. Na zipo pikipiki ambazo ukizima msaada wa kuteleza, wa kuzuia wili nao unazimika bila kukuuliza. Angalia yako inafanyaje ikiwa imesimama, si ukiwa mwendoni.

Kuhusu ABS, yaani mfumo unaozuia tairi lisijifunge ukikanyaga breki, usishangae taa yake ikiwaka baada ya wili. Kompyuta imeona tairi la nyuma linakimbia na la mbele limekaribia kusimama, ikahisi kuna hitilafu. Kwa kawaida ukizima, ukawasha na kwenda kidogo, taa inazimika. Kama pikipiki yako ina modi inayoacha ABS mbele tu na kuiondoa nyuma, itumie, kwa sababu breki ya nyuma ndiyo roho yako na hutaki kompyuta iichezee. Lakini usichomoe fyuzi kama wengi wanavyoshauriana. Utakuwa umeondoa ABS ya mbele pia, na pengine umevuruga mifumo mingine inayosoma sensa hizo hizo.

Kibadilisha gia cha haraka, kile kinachokuwezesha kubadilisha gia bila klachi, kiache kilivyo, ila usibadilishe gia ukiwa juu. Kinakata nguvu kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kinatosha kukushusha vibaya. Chagua modi ya injini iliyo laini. Najua wengi wanadhani wili inataka modi kali. Mwanafunzi anataka injini inayojibu polepole pale mkono unapoanza tu kuvuta.

Sasa mahali. Uwanja uliofungwa, mwenyewe amekuruhusu, sementi au lami safi, ndefu, isiyo na mchanga. Barabara ya watu si mahali pa kujifunzia, kisheria wala kiakili. Vaa ngozi kamili, kinga ya mgongo, buti ngumu, glovu, kofia inayofunika uso wote. Uwe na mtu pembeni.

Niruhusu nikae zaidi kwenye pedali ya breki ya nyuma, maana hapa ndipo watu wanaruka. Kwenye pikipiki ya mbio, pedali za kukanyagia ziko juu na nyuma. Mbele ikinyanyuka, mwili unarudi nyuma, na mguu unateleza nao. Vidole vinaiacha breki bila wewe kujua. Ukija kuitafuta, haipo. Nilipotazama video ya siku niliyopinduka, kiatu changu cha kulia kilikuwa kinaning'inia hewani, kimegeuka nje kama cha mtu anayepanda baiskeli ya mtoto. Rekebisha pedali ya breki iwe mahali ambapo, ukikaa wima, vidole viko juu yake na unaweza kuibonyeza bila kuhamisha kisigino. Kisigino kiegemee ile pleti ya pembeni. Kaza magoti kwenye tangi ili mikono isibebe uzito wako.

Zoezi la kwanza halina wili kabisa. Gia ya kwanza, kilomita 20 kwa saa, mafuta yamevutwa kidogo na hayabadiliki. Bonyeza breki ya nyuma polepole mpaka pikipiki ijikokote, halafu achia, mafuta yakiwa pale pale. Mkono usifunge. Utaona ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu miaka yote mguu ukikanyaga, mkono unafunga. Nilifanya hivyo asubuhi mbili nzima, na wa pembeni yangu akanicheka. Mkono na mguu vinatakiwa viache kuwa mapacha.

Zoezi la pili ni klachi. Watu wenye cc 1000 watakuambia huna haja ya klachi, vuta mafuta tu, itapanda. Ni kweli itapanda. Chukua pikipiki yenye urefu wa kama mita 1.4 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kitovu cha uzito wake pamoja nawe kiko kama sentimita 65 juu ya ardhi na sentimita 70 mbele ya pale tairi la nyuma linapogusa chini. Kwa vipimo hivyo, mbele inaanza kunyanyuka msukumo ukizidi kidogo nguvu ya mvutano wa dunia, na cc 1000 kwenye gia ya kwanza inao msukumo huo. Cc 600 mara nyingi haina, mpaka uisaidie kwa klachi. Lakini wili ya mafuta peke yake inadai uendelee kuongeza mwendo ndipo tairi libaki juu. Unajikuta unapita kilomita 100 kwa saa na tairi liko sentimita 30 tu. Kujifunza kuanguka kwa kasi hiyo sikushauri. Klachi inakuinua ukiwa unatembea.

Basi: gia ya kwanza, kilomita 20 hadi 25 kwa saa, umekaa wima, mguu juu ya breki. Vuta klachi kwa vidole viwili, pandisha injini hadi raundi kama 5,000 kwa dakika, achia klachi haraka lakini usiidondoshe. Mbele itaruka sentimita chache. Hapo hapo bonyeza breki ya nyuma ukaishushe, mafuta yakiwa bado yamevutwa kidogo. Kila unapoinua, mguu ndio ushushe, hata pale ambapo ingeshuka yenyewe. Hata kama ni sentimita tano. Usukani uwe umenyooka wakati tairi linatua, na mafuta yasiwe yamefungwa kabisa, ili shokapu za mbele zisigonge mwisho. Ikiruka na hujaona breki ikifanya kazi, hiyo usiihesabu.

Misaada wakati huu niiweke wapi? Wa kuteleza nauzima, kwa sababu unakata ghafla. Wa kuzuia wili nauacha kwenye ngazi ya chini kabisa, ile inayoruhusu zaidi. Ila sasa nautumia kama dari, si kama nguzo. Dari ukiligusa kwa kichwa, umekosea. Utajua umeligusa: injini inabadilika sauti, inakuwa bubu au inakohoa, na kwenye dashibodi nyingi taa ndogo inawaka-waka. Kila taa hiyo ikiwaka, mkono umevuta kupita kiasi, na jaribio hilo halihesabiki. Nilijiwekea sharti la kuinua mara 30 mfululizo bila taa hiyo kuwaka kabla ya kuzima. Nilifika 22, nikaharibu, nikaanza upya. Kama pikipiki yako haikubali kuuzima mmoja na kuuacha mwingine, zima yote, lakini baki kwenye mwendo wa kutembea na usizidishe urefu wa kiganja mpaka mguu uwe umezoea.

Ukishazima dari, rudi darasa la kwanza. Sentimita kumi, mguu. Ishirini, mguu. Usianzie ulipoishia jana, maana jana mlikuwa wawili.

Tairi likipanda hadi usawa wa goti na zaidi, macho yatapotea kwa sababu mbele ya pikipiki inaziba njia. Tazama pembeni ya kioo cha upepo, mbali, kwenye mstari unaoufuata. Mikono ilegee. Ikianza kuelemea upande mmoja, kanyaga pedali ya kukanyagia ya upande wa pili, usipambane na usukani.

Kuna pahali juu kabisa ambapo uzito wote uko moja kwa moja juu ya tairi la nyuma.  Hapo injini haivuti tena, pikipiki inakuwa nyepesi ghafla, na unasikia upepo tu. Inatisha kuliko kelele. Mara ya kwanza ukihisi wepesi huo, usiufurahie, bonyeza breki. Wanaokwenda mbali kwa tairi moja wanaishi pale. Mwaka 1984 Mmarekani Doug Domokos alizunguka uwanja wa mbio wa Talladega kwa tairi moja kwa maili 145, yaani kama kilomita 233, na pikipiki yake haikuwa na hata sensa moja ya kumshika. Alikuwa na mguu wa kulia.

Ukipita mahali pale, wengi wanakamata klachi kwa hofu. Haitakuokoa. Umeondoa injini iliyokuwa ikikupunguzia mwendo, na pikipiki inaendelea kurudi nyuma. Breki ya nyuma, na ufunge mafuta. Ikishindikana, achia usukani, shuka nyuma kwa miguu, uiache iende. Usiikumbatie.

Vipindi viwe vifupi. Klachi ikianza kunuka, pumzika, inaungua. Oili iwe kwenye alama ya juu, kwa sababu ukiinuka inakimbilia nyuma ya injini na pampu inaweza kuvuta hewa. Taa ya oili ikiwaka ukiwa juu, shuka na uzime. Jioni naangalia cheni ilivyolegea, natazama kama kuna oili inayovuja kwenye shokapu za mbele, kisha nainua mbele kwa stendi na kuutingisha usukani kuona kama beringi zake zimeanza kucheza.

Na pedi. Juzi nimeweka pedi mpya za nyuma, mara ya pili tangu nianze upya. Za mbele bado ni zile zilizokuja na pikipiki.