Namna ya kuandika habari za babu na bibi waliofungua shamba na zizi Masisi

Familia nyingi za Goma, mashariki mwa Kongo, zina babu na bibi waliopanda milima ya Masisi wakati wa Wabelgiji, wakafyeka msitu, wakalima na kufuga ng'ombe, na leo wajukuu hawajui hata kilima walichoanzia. Ukitaka kuandika habari zao, usianze kwa kuuliza miaka. Uliza matukio, kisha utafute tarehe mwenyewe.

Shangazi yangu mkubwa hajui mwaka aliozaliwa. Nilipomwuliza wazazi wake walifika Gishari, huko Masisi, lini, alijibu kwamba mama yake alimbeba mgongoni wakipita Sake, na kwamba ng'ombe walikataa kukanyaga lava kwa sababu ilikuwa bado inatoa moshi. Jibu hilo lina thamani kuliko mwaka wa kubahatisha. Volkano ya Nyamulagira ililipuka kuanzia 1938 hadi 1940, na lava yake ikaingia Ziwa Kivu karibu na Sake. Nao Wabelgiji walikuwa wameanza kuhamishia Gishari familia kutoka Rwanda mwaka 1937. Niliandika basi "wakati wa moto wa Sake, 1938 hadi 1940", wala sikuchagua mwaka mmoja ili kurasa zipendeze.

Kuna alama nyingine: njaa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944, uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Januari 1977, na vita vya 1993 ambavyo vilimaliza mifugo mingi. Mwaka 1972 uushike kwa uangalifu, kwa kuwa ndipo watu walipoacha majina ya ubatizo kwa amri ya Mobutu, na babu yule yule anaweza kuonekana katika karatasi mbili kwa majina mawili.

Karatasi uanze kuzitafuta parokiani. Mwombe katibu kwa adabu, ukiwa na jina la ubatizo na la kilima, akuonyeshe daftari la ubatizo na la ndoa; humo utakuta majina ya wazazi na ya msimamizi. Huyo msimamizi usimpite haraka, kwani mara nyingi alikuwa jirani, na wajukuu wake huenda wanajua yale ambayo kwenu yamesahaulika.

Shida ni kwamba karatasi za kodi na za shamba zitamtaja babu peke yake. Mimi mwenyewe niliandika kurasa kumi za babu na mistari minne ya bibi, tena nikimwita "mke wake" tu. Nikarudi kwa shangazi na maswali mengine: mbegu ya maharagwe ya kwanza ilitoka kwa nani, nani aliamka kukamua, siagi ilipelekwa wapi. Badala ya kujibu, akaingia chumbani akatoka na kibuyu cha kusukia maziwa, shingo yake imepasuka na kushonwa kwa uzi wa mkonge. Ng'ombe alikikanyaga wiki ya kwanza, na bibi alikishona usiku huo huo kwa sababu hawakuwa na kingine. Sura ya bibi nikaianzia hapo.

Andika pia waliowakuta. Gishari ilikuwa nchi ya Wahunde, yenye machifu wao, na tangu sheria ya Julai 1973 ilipoifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, kila ukoo una maelezo yake kuhusu mpaka. Sikiliza na upande wa jirani, uandike kila neno pamoja na aliyelisema, wala usigeuze habari za familia kuwa hati ya kudai shamba.

Picha na karatasi uzipige nakala mara moja, umpelekee ndugu anayeishi mbali na Goma. Picha ya arusi ya babu na bibi iliungua katika lava ya tarehe 17 Januari 2002, na hakuna aliyekuwa na nyingine.

Ukimaliza, usimpe mzee kitabu. Msomee kwa sauti, polepole, kalamu ikiwa mkononi. Shangazi alinyamaza kurasa zote hadi nilipotaja ng'ombe wa mahari kuwa Bihogo. "Hapana, mwanangu," akasema, "Bihogo alikufa njiani. Aliyefika ni ndama wake."