Saa ya hadithi maktabani: mkeka mmoja, kitabu kimoja, karatasi moja kwa kila mtoto

Jumamosi saa nne asubuhi hufaa kuliko jioni: watoto wameshakunywa chai na joto bado halijawachosha. Kwa wenye miaka 5 hadi 8, tenga dakika 45. Wakizidi 20, tafuta msaidizi, la sivyo nusu yao watakuwa wanasikiliza na nusu wanazungukazunguka kwenye rafu.

Kitabu kichague mapema, ukisome kwa sauti huku ukiangalia saa. Kikivuka dakika 10, kifupishe au chukua kingine. Kisha kisimamishe mezani, rudi nyuma hatua 4. Picha usizoziona vizuri kutoka hapo, mtoto wa nyuma naye hataziona. Maktaba isiyo na vitabu vya kutosha vya picha kwa Kiswahili itapata hadithi nyingi za bure kwenye tovuti ya African Storybook, na inaruhusiwa kuzichapa.

Tandika mkeka, watoto wakae nusu duara, wadogo mbele. Wewe usikae dirisha likiwa mgongoni, kwani mwanga utawaumiza macho na picha zitaonekana nyeusi. Shika kitabu ubavuni mwako kwa mkono mmoja, kurasa zikiwaelekea wao, na ufunue kwa kushika kona ya chini ili mkono usizibe picha.

Anza na “Paukwa!” wakujibu “Pakawa!”, au “Hadithi, hadithi!” wakujibu “Hadithi njoo!” Maswali yawe machache. Swali moja kabla ya kufunua ukurasa wenye jambo, “Sasa fisi atafanyaje?”, linatosha. Ukishauliza, nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi 5. Ukijijibu mwenyewe mara mbili tu, hawatajibu tena.

Hadithi ikiisha, kila mtoto atengeneze kitabu chake kwa karatasi moja ya A4, bila gundi wala pini. Ikunjwe nusu mara 3 hadi ipate vyumba 8, kisha ikunjuliwe yote. Sasa ikunjwe tena mara 1, upande mfupi juu ya upande mfupi. Kata mstari wa katikati kuanzia pale ilipokunjwa, uishie kwenye mkunjo unaofuata. Ikunjue, ikunje kwa urefu, mkato ukiwa juu. Shika ncha mbili uzisukume zikutane: mkato utafunguka kama mdomo, kisha kurasa zitalala zenyewe, 8 pamoja na majalada. Kosa la kawaida ni kukata kuanzia upande ulio wazi. Hapo karatasi inapasuka pembeni na kitabu hakisimami, basi mpe mtoto karatasi nyingine. Kwa hiyo, kwa watoto 20 leta karatasi 30. Walio chini ya miaka 6 wakatie mwenyewe kabla hawajafika. Jina la mtoto liandikwe kwenye jalada kwanza, kabla ya picha yoyote, maana vitabu hivi hufanana na kuleta ugomvi.

Fomu za uanachama zigawe wiki moja kabla, zirudi na sahihi ya mzazi, ili siku hiyo mtoto aondoke na kitabu cha kuazima. Vitabu vya watoto vitachanika, na si sababu ya kuvifungia kabatini. Ukurasa uliochanika uzibe kwa ukanda wa karatasi nyembamba na gundi nyeupe kidogo, uache ukauke usiku kucha chini ya kitabu kizito. Selotepu usiiguse: baada ya muda hugeuka njano, hubanduka, na kuacha ulimbo unaonatisha kurasa.