Picha zako kwenye Piwigo: funga kwanza, pandisha baadaye

Mpiga picha wa Goma huwa na aina tatu za picha kwenye diski moja: za watu waliolipa (dote, ndoa, ubatizo), za mji wenyewe (chukudu, ziwa, Nyiragongo ikiwaka usiku), na za watu ambao hawakulipa wala hawakuomba kuonekana, kama wadeplase na watoto. Piwigo ni programu huria ya kuonyesha picha kwenye tovuti yako, iliyoanza Ufaransa mwaka 2002 kwa jina PhpWebGallery, na inaweza kuzibeba zote tatu kwenye anwani moja bila kuzichanganya. Shida ni kwamba albamu mpya huzaliwa ikiwa wazi. Ukipandisha picha kwanza na kutafuta kufuli baadaye, kuna saa nzima ambayo mtu yeyote anaweza kupita akaziona, na umeme ukikatika katikati ya kazi, saa hiyo inakuwa usiku mzima.

Kufuli ziko mbili. Ya kwanza ni ya albamu: ya wazi au ya faragha, na ikiwa ya faragha unaandika ni watumiaji gani au makundi gani wanaoruhusiwa. Ya pili ni ngazi ya picha yenyewe, nazo ziko tano: kila mtu, wasiliani, marafiki, familia, wasimamizi. Kufuli ya albamu inakaa mlangoni. Ngazi inatembea na picha popote inapopelekwa. Tofauti hiyo ndiyo inayowaumiza wengi. Picha moja inaweza kukaa katika albamu mbili, na ikiwa moja kati ya hizo ni ya wazi, basi picha iko wazi. Unachukua picha ya bibi harusi kutoka albamu ya faragha, unaiweka pia katika «Kazi zetu bora» ili kuvutia wateja, na kufuli ya kwanza haina kazi tena kwa picha hiyo. Kama familia haikukubali, ngazi pekee ndiyo ingeizuia.

Ngazi zenyewe ni kama ngazi za nyumba: aliye juu anaona yote ya chini yake. Mtumiaji wa ngazi ya familia anaona pia picha za marafiki na za wasiliani. Kwa hiyo usimpe mama wa bwana harusi ngazi ya familia kwa sababu tu ni mama wa mtu; hiyo ni familia ya tovuti, si ya harusi. Wateja wapangie kwa makundi: kundi moja kwa kila kazi, albamu moja ya faragha kwa kila kundi. Ngazi zitumie kwa jambo moja tu, kuzuia picha ambazo hazijachambuliwa: unapopandisha, chagua wasimamizi peke yao, kisha uzishushe baada ya kuzikagua.

Kuna jambo jingine kuhusu albamu ndogo ndani ya kubwa. Ukiifanya albamu mama kuwa ya faragha, watoto wake wote wanafuata. Lakini ukifungua albamu ndogo iwe ya wazi, Piwigo inafungua na mama yake, kwa kuwa mgeni hawezi kufika chumbani bila kupita sebuleni. Picha zilizowekwa moja kwa moja kwenye albamu mama zinaanikwa hapohapo. Dawa yake ni ndogo: albamu mama isiwe na picha hata moja, iwe na albamu ndogo tu ndani yake.

Na ujue mpaka wa kufuli hizi. Faili lenyewe linakaa kwenye seva katika folda ya upload, likipangwa kwa mwaka, mwezi na siku, na jina jipya la tarehe, saa na msururu wa herufi na tarakimu. Hakuna atakayelibahatisha jina hilo, lakini aliyewahi kunakili anwani yake kamili anaweza, kwa mpangilio wa kawaida, kuendelea kulifungua hata baada ya wewe kumtoa kwenye kundi. Picha ambayo ikivuja itamletea mtu hatari haifai kukaa kwenye tovuti kabisa.

Kabla ya yote hayo, ondoa mahali picha ilipopigwa. Simu nyingi huandika ndani ya picha latitudo na longitudo. Goma iko karibu na nyuzi 1.68 kusini na 29.22 mashariki, namba hizo mbili peke yake zinataja mji tu, lakini simu huandika zaidi, na ukifika tarakimu nne baada ya nukta umebaki na kosa la mita 11 hivi. Hiyo ni parseli moja ya mtaa wa Himbi au wa Kyeshero, pamoja na lango lake. WhatsApp huondoa data hizo picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama dokima (document) ili ubora usishuke, mahali panabaki. Na wateja wazuri ndio hutuma kama dokima. Kwenye kompyuta, programu ya ExifTool inasafisha folda nzima mara moja:

exiftool "-gps*=" -overwrite_original dote_himbi/

Kisha hakiki:

exiftool "-gps*" dote_himbi/

Amri ya pili isipoonyesha mstari wa GPS kwa picha yoyote, endelea. Punguza pia ukubwa kabla ya kupandisha: pikseli 2048 kwa upande mrefu zinatosha kutazamwa kwenye simu ya mteja, na mega zako zitafika mwisho wa albamu.

Sasa vichwa vya picha. Piwigo ikipokea faili, inatoa kichwa kwenye jina la faili: inaondoa kiambishi cha mwisho na kugeuza mistari ya chini kuwa nafasi. DSC_0412.jpg inakuwa «DSC 0412», kichwa ambacho hakuna mtu atakayekitafuta. Lakini Chukudu_na_makaa_Birere.jpg inakuwa «Chukudu na makaa Birere» bila wewe kugusa chochote. Kubadilisha majina ya faili kabla ya kupandisha kunaokoa nusu ya kazi. Zilizokwisha kupanda, nenda «Gestion par lot», ukurasa wa kusimamia picha nyingi pamoja: kwa njia ya pamoja unaweza kuzipa picha nyingi kichwa kimoja, kwa njia ya moja moja unaandika cha kila picha.

Kichwa kizuri kinataja kitu, mahali na wakati: «Chukudu na magunia ya makaa, Birere, Machi 2024». Kichwa kibaya ni kile kinachomtaja mtoto kwa jina lake, shule yake na katiye yake, hata kama uso wake hauonekani vizuri. Kufuli inaficha picha. Kichwa kinasafiri kwa kunakiliwa, kinasomwa kwa sauti, kinatafutika. Kwa wadeplase andika kazi wanayofanya na msimu, uache jina na namba ya hema. Sheria ya Dijitali ya Kongo, amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa binafsi, na jina la mtu ni taarifa binafsi kama uso wake.

Anayetaka vichwa vikae ndani ya faili lenyewe atumie IPTC, sehemu za maandishi zinazobebwa na faili la picha:

exiftool -codedcharacterset=utf8 -iptc:objectname="Chukudu na makaa, Birere" DSC_0412.jpg

Sehemu hiyo inapokea herufi 64 tu, kwa hiyo andika kwa ufupi. Neno utf8 linalinda alama za Kifaransa zisivurugike. Kwenye Piwigo washa usomaji wake katika local/config/config.inc.php kwa mstari $conf['use_iptc'] = true; kwani kwa kawaida umezimwa. Chagua sehemu moja ya kuandikia: ukisahihisha kichwa kwenye tovuti na kisha ukasawazisha metadata upya, kile cha ndani ya faili kinafuta masahihisho yako.

Menyu iache mwisho. Katika «Configuration», sehemu ya «Menus», vizuizi vinaburutwa juu au chini na kufichwa kwa alama moja. Albamu ziwe juu, mahali pa kuingilia pafuate, maana mteja anafungua kwa simu na hatashuka mbali kutafuta pa kuandika neno la siri. Majina ya albamu yawe mafupi: «Dote», «Ndoa», «Mji». Lakini kuficha kizuizi si kufunga mlango. Ukurasa bado upo, na mwenye kiungo anaingia.

Ndiyo maana ukaguzi haufanywi ukiwa umeingia kama msimamizi, ambaye anaona kila kitu. Fungua dirisha la faragha kwenye simu, ingia kama mgeni, na utazame namba iliyo pembeni ya kila albamu kwenye menyu. Piwigo huhesabu zile tu ambazo mtazamaji huyo anaruhusiwa kuziona. Kama uliruhusu picha 40 za «Mji» na mgeni anasoma 43, tafuta hizo tatu kabla hujamtumia mtu yeyote anwani.