Somo: Kuchagua na kufunga bati kwa nyumba za pwani zinazofikiwa na kimbunga

Somo hili ni kwa wanaojenga au kuezeka upya kuanzia Mafia na Kilwa hadi Lindi na Mtwara, pamoja na ndugu zetu wa Komoro na wa Cabo Delgado, Msumbiji. Ile kauli ya "huku kwetu kimbunga hakifiki" tuiache. Unguja ilipigwa Aprili 1872, minazi na mikarafuu ikalala mashamba kwa mashamba. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani na kisiwa cha Ngazidja, Komoro, kikaenda kutua Cabo Delgado, kusini ya mto Ruvuma. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kilitua Mafia kwenyewe. Na tarehe 14 Desemba mwaka huohuo Chido kiliipiga Mayotte kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa, vitongoji vizima vya nyumba za mabati vikabaki vifusi.

Anayekuja dukani huuliza bati gani zuri na rangi ipi haipauki. Ni maswali halali, na la kwanza nitalijibu. Lakini nyumba nyingi hazipotezi paa kwa ubaya wa bati. Zinalipoteza kwa kiungo kimoja dhaifu, na pesa ya kukiimarisha kiungo hicho mara nyingi imeshaishia kwenye rangi.

Hatua ya 1: Jua upepo unaling'oaje paa

Watu hudhani upepo unalibomoa paa kwa kulisukuma. Ukweli ni kwamba unalinyanyua. Ukipanda juu ya nyumba unaongeza kasi, na pale juu unavuta bati kuelekea angani. Mvuto mkali zaidi uko kwenye kona, kwenye kingo na kwenye kofia ya paa, yaani pale juu kabisa miteremko inapokutana. Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne.

Tupige hesabu. Upepo wa kilomita 120 kwa saa una nguvu ya takriban kilo 70 kwa kila mita moja ya mraba. Kwenye kona za paa mvuto unaweza kufika mara mbili ya hapo, yaani kilo 140. Bati la geji 28 (geji ni kipimo cha unene) lina uzito wa kilo 3 hadi 4 kwa mita hiyohiyo. Kwa hiyo uzito wa bati haukusaidii chochote. Kinacholishika paa ni viungo tu.

Siku upepo mkali ukipita mtaani kwenu, nenda kaangalie bati lililopeperuka, hasa matundu yake. Ukikuta misumari bado imening'inia kwenye bati, jua ilichomoka kwenye mbao. Ukikuta matundu yamechanika na kurefuka kama tundu la kifungo, na skrubu zimebaki zimesimama kwenye papi (mbao za mlalo zinazobeba bati), basi bati lilikuwa jembamba au skrubu zilikuwa chache. Bati likiwa limeruka pamoja na papi zake, kosa liko kati ya papi na kenchi (fremu za mbao zinazobeba papi). Na paa zima likikutwa shambani kwa jirani, kenchi na yote, hapo hakuna kilicholifunga kwenye ukuta. Huo ndio mnyororo wenyewe: bati, skrubu, papi, kenchi, lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta), ukuta, msingi. Upepo utakata pale penye udhaifu, hata kama kwingine kote umetumia vifaa vya bei mbaya.

Hatua ya 2: Umbo la paa, kabla ya kununua chochote

Paa la miteremko minne linavumilia upepo kuliko la miteremko miwili, kwa sababu halina ule ukuta wa pembetatu ubavuni unaopokea kishindo chote. Mteremko uwe wa nyuzi 25 hadi 30. Paa lililolala sana linavutwa zaidi. Bati lisitokeze nje ya ukuta zaidi ya sentimita 45 hivi.

Baraza sasa. Sisi watu wa pwani hatuwezi kuishi bila baraza, na sisemi uiache. Ninachosema ni kwamba paa la baraza lisiwe mwendelezo wa paa la nyumba. Lifunge peke yake, chini kidogo ya paa kubwa, na kenchi zake au mbao zake. Baraza iko wazi, upepo unaingia chini yake na kuisukuma juu huku mwingine ukiivuta kutoka juu. Ikiwa imeunganishwa na paa la nyumba, itakapoondoka italifungulia njia paa lote. Ikiwa peke yake, unapoteza baraza na watoto wanabaki wakavu ndani.

Hatua ya 3: Bati lenyewe

Angalia mambo matatu: unene, ngozi (tabaka la madini linalofunika chuma), na umbo la migongo.

Unene kwanza. Namba ya geji ikipanda, bati linapungua. Geji 32 ni kama milimita 0.25, geji 30 kama 0.3, geji 28 kama 0.4, geji 26 kama 0.5. Kwa ukanda huu mimi sishauri chini ya geji 28, na mwenye uwezo achukue 26. Geji 32 inachanika kwenye kichwa cha skrubu hata kama fundi amefunga vizuri kiasi gani.

Usiamini maandishi peke yake. Nenda na mizani. Chukua futi ya kamba, ipitishe ikifuata kila bonde na mgongo ili upate upana halisi wa bati kabla halijakunjwa. Zidisha kwa urefu (vyote kwa mita), kisha kwa unene kwa milimita, kisha kwa 7.85, upate kilo zinazotakiwa. Bati la mita 3 lililotokana na karatasi ya chuma ya upana wa mita 1 linapaswa kuwa na kilo 9 na kitu likiwa geji 28, kilo 7 hivi likiwa geji 30, na kilo 6 hivi likiwa geji 32. Muuzaji akikataa bati lisipimwe, hamia duka jingine. Tafuta pia alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Ngozi ndiyo inayopigana na chumvi. Bati la zinki tupu, karibu na mawimbi, linaanza kutu mapema. Bati la aluzinki, ambalo ngozi yake ni asilimia 55 aluminiamu na sehemu kubwa ya iliyobaki ni zinki, linadumu zaidi. Uliza gramu za ngozi kwa mita ya mraba: AZ150 ni gramu 150 kwa pande zote mbili kwa pamoja, nayo inafaa pwani kuliko AZ70 au AZ100. Rangi ya kiwandani juu yake ni kinga ya ziada, na rangi nyepesi inapunguza joto. Bati la aluminiamu tupu halishiki kutu nyekundu kabisa, ila ni laini, kwa hiyo lichukue nene na papi zikaribiane.

Umbo: bati la kawaida la migongo midogo na msauzi (la migongo mipana yenye pembe) yote yanafaa yakiwa na geji ya kutosha. Bati la mfano wa vigae linapendeza, lakini nguvu yake inategemea sana ufungaji, kwa hiyo mpe fundi aliyeshawahi kulifunga.

Hatua ya 4: Skrubu

Hapa ndipo ningependa pesa yako iende. Misumari laini ya bati inalegea kidogo kidogo kila upepo unapotikisa, mpaka siku moja inachomoka kwa urahisi. Tumia skrubu zenye washa pana (kile kisahani cha chini ya kichwa) na mpira chini yake, ziingie kwenye mbao walau sentimita 3, na ziwe na ngozi nene ya zinki au za chuma kisichoshika kutu.

Skrubu inakaa juu ya mgongo, si kwenye bonde ambamo maji yanapita. Kwenye kingo, kona na kofia funga kila baada ya migongo miwili. Katikati ya paa, kila baada ya mitatu. Papi za katikati ziachane sentimita 90, za kingoni sentimita 60. Tazama tofauti yake: kwenye kona yenye mvuto wa kilo 140, skrubu zilizoachana sentimita 15 juu ya papi za sentimita 60 zinabeba kama kilo 13 kila moja. Ukiachanisha skrubu sentimita 30 na papi mita 1.2, kila skrubu inabeba kilo 50.

Kaza mpaka mpira ubanike kidogo, basi. Ukikaza mpaka bati likabonyea, umeanza kulichana mwenyewe.

Hatua ya 5: Kutoka papi hadi lenta

Misumari miwili iliyopigwa kwa kuegemea haitoshi kushika papi juu ya kenchi. Zungusha ukanda wa chuma uliopakwa zinki juu ya papi, ushuke pande zote mbili za kenchi, upigiliwe misumari ubavuni. Misumari inayosukumwa kwa ubavu inashika kuliko inayovutwa wima. Fanya vivyo hivyo kati ya kenchi na mbao inayolala juu ya ukuta.

Mbao hiyo ifungwe kwa bolti za milimita 12 zilizozikwa kwenye zege la lenta ya juu wakati inamwagwa. Lenta izunguke nyumba yote bila kukatika, na nondo za wima za kwenye kona zishuke hadi msingi. Tofali za juu zisizo na lenta zinanyanyuka pamoja na paa.

Hatua ya 6: Siku ya kuezeka

Kata bati kwa mkasi wa bati, si kwa grainda. Cheche zinaunguza ngozi na vumbi la chuma linaacha madoa ya kutu. Fagia vipande vyote kabla ya jioni. Bati lisigusane na saruji mbichi wala shaba. Kama mbao zimetiwa dawa yenye shaba, ziache zikauke kabisa kwanza. Ubavuni, bati moja lilalie jingine kwa migongo miwili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mafia): Shikamoo fundi. Paa letu lina geji 30 na misumari ya kawaida. Hela ya kuezeka upya hatuna mwaka huu. Tuanze wapi?

Marahaba mwanangu. Anzeni kwenye kingo. Mita moja ya kuzunguka paa lote, pamoja na kofia, ongezeni skrubu mpya. Msizitie kwenye matundu ya zamani ya misumari, hayashiki. Sogeeni pembeni kidogo kwenye mgongo mwingine, na tundu la zamani lizibeni. Kisha ingieni darini mfunge ukanda wa chuma kati ya kenchi na mbao ya ukutani, hasa kenchi za mwanzo na za mwisho. Geji 30 yenye viungo imara ni bora kuliko geji 26 iliyofungwa ovyo.

Swali (Mikindani): Nyumba ya marehemu babu ni ya mawe na chokaa, haina lenta. Nataka kutoa makuti niweke bati. Inawezekana?

Inawezekana kaka, ila bati lina hatari ambayo makuti hayana: makuti yanapitisha upepo na kuvuliwa kidogo kidogo, bati linanyanyuka lote kwa mara moja. Usizike bolti fupi kwenye mawe ya juu, yatatoka nayo. Kinachotakiwa ni lenta ya zege juu ya ukuta, na vyuma vinavyoshuka chini sana ndani ya ukuta ili uzito wa mawe ufanye kazi. Kuta za zamani hazifanani, kwa hiyo mwite mhandisi aupime ukuta huo kabla hujavua hata kuti moja.

Swali (Lindi): Jirani anapanga mawe na matairi juu ya bati kila msimu. Yanasaidia?

Rudi kwenye ile hesabu ya kilo 70 kwa mita, dada yangu. Hawezi kupandisha mawe ya kutosha bila kuvunja kenchi. Na jiwe likiondoka juu ya paa linaingia dirishani kwa mtu. Kama TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wameshatoa tahadhari na muda umebaki siku moja, bora apitishe kamba nene juu ya paa, sambamba na kenchi, azifunge kwenye vigingi virefu vilivyozama ardhini.

Swali (Kilwa Masoko): Bibi yangu anasema upepo mkali ukija fungua madirisha upite. Ni sahihi?

Funga yote, na madirisha ya kioo yawekee mbao kwa nje. Upepo ukiingia ndani unasukuma dari na paa kutoka chini wakati ule wa nje unalivuta kutoka juu. Mapaa mengi huondoka dakika chache baada ya mlango au dirisha la upande wa upepo kuvunjika.

Swali (Lamu): Na sisi huku tunahitaji yote haya?

Lamu iko karibu mno na ikweta, na vimbunga hupata shida kujizungusha huko. Adui wenu mkubwa ni chumvi. Wekeni nguvu kwenye ngozi ya bati na aina ya skrubu.

Swali (Mtwara): Nimenunua bati la aluminiamu. Fundi ameleta skrubu za chuma za kawaida. Nikubali?

Zirudishe. Chuma na aluminiamu zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, moja inaliwa. Chukua za chuma kisichoshika kutu, zenye washa ya aluminiamu na mpira.

Swali (Mafia): Bati letu linashika kutu chini, kwenye sehemu inayotokeza nje ya ukuta, wakati juu linang'aa. Kwa nini?

Juu panaoshwa na mvua. Chini chumvi inajikusanya na haina wa kuiondoa. Kipindi cha ukame paosheni kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila baada ya miezi michache, na mkimaliza angalieni vichwa vya skrubu za ukingoni. Iliyoanza kuwa nyekundu itoeni, muweke iliyo nene kidogo kuliko ya mwanzo ili ishike kwenye tundu lilelile.